Mpigaji wa Kwenye Kioo

Mimi ndiye niliyemtoa shemeji yangu kwenye ukame. Nilijisifu kwa jambo hilo miezi minane mizima, na kila aliyeketi kwenye kiti changu cha kunyolea alilisikia, atake asitake, maana mtu mwenye wembe shingoni hana pa kwenda. Leo nikilikumbuka natamani ningezaliwa bubu. Shemeji alipona ukame wa kupiga mpira, na kwa kuwa alipona alichelewa kwenda hospitali, na kwa kuwa alichelewa, macho yake yamekwisha. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani namletea hadithi ya ushindi.

Alikuwa fundi saa. Kibanda chake na changu vilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na nikizima mashine yangu nilizisikia saa zake za ukutani zikigombana, kwa sababu hakukuwa na mbili zilizokubaliana.

"Fundi mzima, na saa zako zote zinasema uongo," nilimwambia siku moja.

"Hizi ni za wagonjwa, shemeji," akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe kinyozi mbona una kipara?"

Ndivyo alivyokuwa, maneno machache na yote yanachoma. Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, alimpelekea saa iliyosimama. Aliifuata mara nne, kila mara akiambiwa bado kidogo, na mara ya nne akarudi nyumbani na mchumba. Saa yenyewe haikuwa na ubovu wowote zaidi ya vumbi. Alikuwa ameimaliza siku ile ile ya kwanza, akaificha kwenye droo ili dada aendelee kuja. Hiyo ndiyo hila pekee ninayoijua katika maisha yake yote, ukiacha ile nyingine nitakayoisimulia.

Meza yake ya kazi ilikuwa ndogo, yenye ukingo ulioinuka ili skrubu zisidondoke. Alikaa pale tangu asubuhi mpaka jioni, lenzi nyeusi imebanwa kwenye jicho la kulia, jicho la kushoto amelifumba. Kibano alikishika kwa mkono wowote uliokuwa karibu, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na akili sawa. Miaka ishirini na sita alifanya hivyo. Jioni akiivua lenzi, jicho la kushoto lilichelewa kufunguka, na sisi tukamcheka. Dada alizoea kusema ameolewa na mwanamume wa jicho moja, akiongeza kwamba ni nafuu, ataona kasoro nusu.

Ndiyo sababu hakuna aliyejua, hata yeye. Mtu mwingine jicho likianza kumharibikia ataligundua kazini, au barabarani, au akisoma gazeti. Yeye jicho la kushoto hakulihitaji kutwa nzima. Alilihitaji mahali pamoja tu, uwanjani.

Besiboli ilifika mtaani kwetu kwa mlango wa nyuma. Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi, aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili, aliondoka akatuachia marungu matatu, glovu tisa na kitabu cha sheria kisicho na jalada. Tulikuwa vijana wakati ule. Tulibishana juu ya kile kitabu miaka mitatu kabla hatujamaliza mechi bila ngumi. Kwa asiyeujua mchezo, mpigaji anasimama ubavu, rungu begani, na mrushaji anamrushia mpira kwa nguvu zake zote. Akiupiga anakimbilia kituo cha kwanza; akikosa mara tatu anatoka, anakwenda kukaa benchi, na watu wanamwangalia anavyotembea. Timu yetu iliitwa Mafundi. Mahasimu wetu wakubwa walikuwa Wachapaji, wa kiwanda cha kuchapa vitabu, na mrushaji wao alikuwa mfunga vitabu mrefu tuliyemwita Nguzo. Mpira wa Nguzo ulikuwa ukiusikia kabla ya kuuona.

Shemeji aliupiga. Miaka nenda miaka rudi aliupiga, huku mimi ninayepiga domo kuliko wote nikitoka benchi na kurudi benchi. Watu walimwita Mshale. Huyu mtu hakuwa na kelele mahali pengine popote. Nyumbani dada ndiye aliyesema, dukani saa ndizo zilizosema. Lakini Jumamosi alasiri, rungu likigonga mpira kwa ule mlio mkavu, mtaa mzima ulijua kwamba fundi saa amefika, na yeye mwenyewe alikimbia kwenda kituo cha kwanza akiwa na uso ambao dada alisema hakuwahi kuuona hata siku ya harusi.

Kisha msimu mmoja ulipoanza, alikosa mara tatu katika mechi ya kwanza. Tukacheka. Mechi ya pili akakosa, tukamtania kwamba dada anamlisha vibaya. Mechi ya tano hakuna aliyecheka. Mechi ya nane Nguzo alimrushia mpira wa taratibu kabisa, kwa huruma, na shemeji akapiga hewa, akazunguka nusu duara, akabaki amesimama anautafuta mpira miguuni pake wakati mdakaji ameshaushika. Huruma ile ya Nguzo ilimuumiza kuliko kukosa kwenyewe. Niliona shingo yake inavyoshuka.

Kila mtu alikuwa na dawa. Seremala akamchongea rungu jepesi. Mwashi akasema ni umri, miaka arobaini na sita si mchezo, apumzike. Fundi bomba akashauri asinywe chai kabla ya mechi. Mimi nilimwita mvivu, nikamwita mzee, nikamwambia ameogopa mpira na anaona haya kukiri. Nilidhani nikimkasirisha atapiga. Alinisikiliza, akaokota glovu yake, akaenda nyumbani peke yake kwa njia ya nyuma ya kiwanda.

Nyumbani nako dada alikuwa akilalamika. Shemeji alikuwa akigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Aliweka kikombe nje ya ukingo wa meza, kikaanguka. Alitafuta kisu kilichokuwa karibu na mkono wake wa kushoto mpaka dada akakiokota na kukitia mkononi mwake. "Unatembea kama mlevi asiyelewa," dada alimwambia. Niliyasikia hayo yote nikiwa mezani kwao, nikacheka pamoja nao. Yalikuwa pale, mbele ya pua zetu.

Jumapili moja alasiri alikuja kunyolewa. Hakukuwa na mteja mwingine. Nilimfunga kitambaa shingoni, nikaanza kazi, na katikati ya kazi akasema, "Shemeji, nadhani ni jicho."

"Jicho gani tena?"

"Hili la kushoto. Mpira ukitoka mkononi mwa Nguzo nauona vizuri. Katikati ya safari unapotea. Nikiuona tena, umeshadakwa."

"Hiyo ni hofu," nikasema. "Hata mimi nikiona mpira wa Nguzo dunia inapotea."

"Si hofu. Juzi nilifumba la kulia nikaitazama saa ya ukutani. Mishale niliiona. Namba za pembeni hazikuwepo."

Nilisimamisha mkasi. 

"Jumanne ni kliniki ya macho," akaendelea. "Nimeshamwambia dada yako. Amesema atanipigia viatu rangi, nisiende hospitali kama mtu asiye na mke."

"Lakini Jumanne asubuhi ndiyo tunapata uwanja," nikasema. "Na Jumamosi tuna Wachapaji."

"Najua."

Kisha, ili anieleze jinsi mpira unavyopotea, aliinuka na kitambaa chake shingoni, akachukua rungu lililokuwa kona ya chumba changu, akasimama mbele ya kioo kana kwamba Nguzo yuko ndani yake. Akalizungusha taratibu. Na mimi, mjinga wa kioo, nikamwangalia mle ndani badala ya kumwangalia yeye. Sisi vinyozi nusu ya kazi yetu tunaifanya kwenye kioo, na mkono wa kulia wa mtu tunaujua kwa kushoto kwake. Yule wa kwenye kioo alisimama upande mwingine, rungu juu ya bega la kushoto, na jicho lililokuwa mbele likiukabili mpira lilikuwa la kulia. Akaonekana sawa. Akaonekana kama Mshale wa zamani.

"Geuka," nikasema.

"Nigeuke wapi?"

"Piga kama yule pale. Rungu kushoto. Jicho lako zima ndilo liwe mbele. Wewe mikono yako yote ni ya kulia, unashindwa nini?"

Akageuka. Akalizungusha rungu mara moja, nywele zikamwagika kutoka kwenye kitambaa. Akalizungusha tena. Masikio yake yalipanda kidogo, na mimi ninayeyanyoa yale masikio kila baada ya wiki mbili nilijua maana yake.

"Jumanne tujaribu," nikasema. "Hospitali haina magurudumu. Jumanne ijayo utaikuta pale pale."

Akarudi kitini nimalizie kumnyoa. Hilo nalitaka lieleweke, hakukubali.

Jumanne nilidamka nikaenda kwao na ndoo ya mipira mkono mmoja na rungu mkono mwingine. Dada alikuwa ameshatoka kwenda kazini posta. Nilimkuta shemeji ameketi kwenye ngazi ya mlango, anafunga kamba za viatu vyake vyeusi vya ngozi. Viling'aa hata nikajiona ndani yake.

"Unaenda harusini?" nikamuuliza.

"Naenda kliniki. Nilikwambia."

"Nipe nusu saa."

"Foleni inaanza mapema, shemeji."

"Nusu saa tu. Ukikosa mipira kumi, nakusindikiza mwenyewe mpaka mlangoni kwa daktari, na ndoo yangu kichwani."

Aliitazama ile ndoo. Nimejaribu kusahau mengi ya siku ile, lakini namna alivyoitazama ile ndoo sijaisahau. Halafu akainuka, akapangusa suruali, akaja.

Uwanja ulikuwa umepigwa mistari mipya ya chokaa kwa ajili ya Jumamosi. Alisimama mahali pake na viatu vya ngozi, rungu begani upande usio wake, na mimi nikaanza kurusha. Wa kwanza akakosa. Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano akakosa. Moyoni nikaanza kutafuta namna ya kubeba ndoo kichwani. Wa sita ukagusa ncha ya rungu, ukaruka nyuma. Tukatazamana. Wa saba ulilia ule mlio mkavu, ukapita juu ya kichwa changu, ukadunda mbali kwenye majani ya uzio.

Shemeji alicheka. Nilimjua mtu huyu miaka ishirini na sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti, na sasa alikuwa akicheka peke yake katikati ya uwanja mtupu, ameinama, mikono magotini. Tuliendelea. Ndoo ilipokwisha tuliiokota mipira na kuirusha tena. Alipiga tisa, mipira safi isiyo na ubishi, na niliihesabu kwa sauti kubwa mpaka koo likanikauka. Tulipokuja kushtuka jua lilikuwa juu, na foleni ya kliniki hufungwa saa nne.

"Jumanne ijayo," nikasema.

"Jumanne ijayo," akasema.

Jumamosi Nguzo alimrushia mpira wake wa kwanza, ule wa kusikika, na shemeji akaupeleka mbali mpaka mchezaji wa nyuma wa Wachapaji akasimama akautazama tu. Watu waliingia uwanjani. Dada, ambaye kwa kawaida huja na sweta analolifuma na haangalii mchezo, alidondosha uzi akasimama. Seremala na fundi bomba wakambeba shemeji juu juu, na mimi nikatembea mbele nikijipiga kifua. Tulishinda. Jumanne iliyofuata tulifanya mazoezi, kwa sababu mtu aliyepona anatakiwa afanye mazoezi. Na iliyofuata. Nilimuuliza mara moja tu, "Na lile jicho?" Akasema, "Lipo." Nikaridhika, kwa sababu nilitaka kuridhika.

Miezi minane tulikuwa mabwana wa uwanja. Kisha, asubuhi moja, mteja alikuja kuchukua saa yake na shemeji akawa anaitafuta skrubu ya mwisho mezani. Aliitafuta, akaitafuta, akapapasa. Mteja alinyoosha kidole akamwonyesha. Skrubu ilikuwa mbele yake kabisa, upande wa kulia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio, na niliuona uso wake ukibadilika. Wiki hiyo hiyo akajimwagia chai ya moto kwenye mkono. Jumamosi mpira wa kawaida, wa kudakwa na mtoto, ulimpiga kifuani bila yeye kuinua glovu, na dada akatoka alipokuwa ameketi, akaingia uwanjani katikati ya mchezo, akamshika mkono. "Imetosha," akasema.

Jumanne tulikwenda watatu. Pale mapokezi karani alitafuta faili la shemeji, akatafuta kwenye daftari la mwaka uliopita, akasema hakuna. Dada akanung'unika kwamba hospitali na mafaili yao ni yale yale. Mimi nikatazama dari.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Alimwambia shemeji aweke kidevu kwenye kiegemeo cha mashine, atazame mbele, na abonyeze kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Tulikaa nyuma yake tukisikia kitufe. Kimya kati ya mbonyezo mmoja na mwingine kilikuwa kirefu mno. Dada alinishika mkono, akaufinya, na kila kimya kilivyorefuka ndivyo alivyozidi kuufinya.

"Ni presha ya macho," daktari alisema. "Haiumi, ndiyo ubaya wake. Inakula kuanzia pembeni. La kushoto limebakiwa na upenyo mdogo sana. La kulia nalo limeliwa zaidi ya nusu. Kilichokwenda hakirudi. Nitakupa matone, tujaribu kukilinda kilichobaki."

"Ningekuja mapema?" shemeji akauliza.

Daktari alizitazama karatasi zake muda kidogo. "Miezi minane, tisa iliyopita, hilo la kulia pengine tungelikuta zima. Hukuona dalili yoyote?"

"Nilikuwa nakosa mpira."

"Mpira?"

"Wa besiboli. Nilikuwa nakosa kila mechi."

"Halafu?"

"Halafu nikaacha kukosa," shemeji akasema.

Daktari hakuelewa, akaandika kitu. Mimi nilielewa.

Nje, kwenye korido, dada alisimama mbele yetu. "Mume wangu, si ulikuja mwaka jana? Ile Jumanne niliyokupigia viatu rangi. Si ulirudi ukaniambia wamesema halina neno?"

Shemeji aliegemea ukuta. Hakunitazama. Alinyoosha tu mkono, akaugusa mkono wa shati langu, kwa kidole kimoja, kama mtu anayemwambia mwenzake atulie.

"Sikuja," akasema. "Niliiona foleni nikaiogopa. Nikazurura mjini mpaka mchana, kisha nikakudanganya."

Hiyo ndiyo hila yake ya pili. Na mimi, mwenye mdomo usio na breki, nilijikausha. Nilijiambia nitasema kesho, dada akishatulia. Kesho ikawa kesho kutwa. Ni aibu kuandika hivi, lakini nilimwacha abebe.

Matone yalichelewesha, hayakuzuia. Alizirudisha saa za watu moja moja. Aliwaita wenyewe, akawaomba msamaha, akawaelekeza kwa fundi mwingine upande wa pili wa soko. Lenzi aliiweka kwenye mfuko wa shati na akawa anatembea nayo. Kibandani kwake sasa yupo mtu anayeuza simu, na upande wa pili wa ukuta wangu ni kimya, ila mlio wa muziki wakati mwingine. Kwanza shemeji alikuwa akija mwenyewe kunyolewa, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Kisha nikawa namfuata. Mwisho akawa anatofautisha mwanga na giza tu, na kivuli cha mtu akipita mbele ya dirisha. Jumamosi akikaa nje ya mlango wangu huwa anausikia uwanja. "Huo umetoka," anasema rungu likilia. Hakosei hata mara moja.

Yapata mwaka mmoja baada ya siku ile ya hospitali, dada alipita dukani kwangu jioni akitoka posta. Alikuwa na mfuko. Alisubiri mteja wa mwisho aondoke, akatoa viatu vyeusi vya ngozi, akaviweka kwenye meza yangu kati ya chanuo na poda.

"Nilikuwa navipeleka kwa fundi avibadilishe soli," akasema. "Nikakaa navyo posta kutwa nzima nikivitazama. Ona hapa."

Kwenye mshono, soli ilipokutana na ngozi, kulikuwa na mstari mwembamba mweupe.

"Niliuona Jumanne ile ile aliporudi," akasema. "Sikuuliza. Mjini hakuna chokaa, mdogo wangu. Hii ni ya wapi?"

Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe, kile cha wateja. Nikamwambia. Nikamwambia habari za kioo, na ndoo, na nusu saa, na viatu vilivyong'aa hata nikajiona. Nikamwambia kwamba alikuwa ameshafunga kamba. Sikutia chumvi wala sikupunguza. Nilisubiri anitukane, nilitamani anitukane, nilitamani aniangushie kile kioo changu.

Nilipomaliza, dada aliinua kiatu kimoja, akautazama ule mstari.

"Alipiga?" akauliza.

"Alipiga. Tisa."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha uso wake ukavunjika, akakaa kwenye benchi la wateja na kuushika kwa mikono miwili. "Kila jioni," akasema, "kila jioni nikimtia matone namwambia, ungekwenda Jumanne ile. Mwaka mzima. Ungekwenda badala ya kuzurura, namwambia. Naye anainua uso, ananyamaza, anasubiri tone." Alilia kwa sauti, mle dukani kwangu, na sikuwa na haki ya kumgusa bega.

Alipoweza kusimama alivirudisha viatu kwenye mfuko. Akatoa kichupa cha matone kutoka kwenye mkoba wake, akakiweka kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Leo utamtia wewe," akasema. "Na umwambie nimejua. Mimi nitakuja baadaye kidogo, sitaki anisikie sauti hivi."

Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti karibu na dirisha, lenzi iko mfukoni mwa shati. Alizijua hatua zangu. Nilimwambia dada amechelewa, nimekuja na matone. Akainua uso, akafumbua macho yake yote mawili kwa pamoja, na nikainama juu yake.

"Umekuja na neno, shemeji," akasema.

"Dada amejua."

Tone la kwanza likakosa jicho, likateremka shavuni. Hakulipangusa. 

"Umemwambia nilipiga?" akauliza.

"Aliuliza mwenyewe," nikasema.

Akatulia kabisa, nami nikamtia matone yake, moja kila jicho, nikamshikia kitambaa mpaka yakakauka.